Madoa ya Bluu Kwenye Karatasi Yetu

Jiri, Dolakha
14 Falgun 2079 (kwa kalenda yetu)

Mpendwa mdogo wangu Padam,

Hujambo huko Doha? Kikohozi kimekwisha? Sisi hatujambo, ila baridi imegoma kuondoka na Mama magoti yanamsumbua.

Huku kumechafuka. Yule mnunuzi wa Kathmandu, anayewauzia mafundi wa kukarabati vitabu vya kale, ameturudishia mafurushi matatu ya karatasi tulizotengeneza. Niliinua moja juani. Badala ya nyuzi ndefu za gome la kichaka cha lokta, niliona vipande vifupi vifupi, na madoa ya bluu. Mtu alikuwa akitia karatasi kuukuu katika chungu tunachochemshia gome.

Nilimshuku Harka, tuliyemwajiri kuponda gome. Mgeni, halafu mkimya mno. Nikawa namvizia, akiinama, nami nainama.

"Dada, umepoteza sindano?" akanitania.

"Nimepoteza imani," nikamjibu, nikamfukuza papo hapo, mbele ya kikundi kizima cha wanawake tunaofanya nao kazi. Hakubisha. Aliweka nyundo yake ya mbao chini, akaenda zake.

Wiki iliyofuata madoa yakarudi. Sasa nikamshuku kila mtu, hata mume wangu. Asubuhi moja nakoroga chungu, mwiko ukanasa kipande ambacho hakijalowa vizuri. Mwandiko wa mtoto: "Padam, darasa la nne."

Madaftari yako, mdogo wangu. Yale yaliyokuwa chini ya kitanda cha Mama.

Unajua anayetuletea gome kutoka msituni ni yeye Mama. Hakukana. "Vichaka vya karibu vimekwisha," alisema, "na kule juu siwezi kupanda tena. Nikae tu mnilishe kama kuku? Karatasi si karatasi?"

Nilimweleza mnunuzi ukweli. Hatachukua kitu kwetu msimu huu. Mama nimempa kazi ya kukaa, kuchambua gome, na ananung'unika kutwa.

Kwa Harka nilikwenda na mayai kumi, nikamwomba radhi mbele ya wanawake wale wale. Amerudi. Lakini kila asubuhi, kabla hajagusa nyundo, humwita mmoja wao achungulie chunguni: "Shahidi wangu, umeona? Ni safi." Mimi nipo pale pale. Nachochea moto tu.

Shemeji yako Bishnu na shangazi Suntali wanakusalimu. Ukipiga simu, Mama usimtajie madaftari. Hajui kwamba nimekuandikia.

Mola akuepushe na jua la huko, akurudishe salama.

Dada yako akupendaye,
Sukmaya