Ki-MP3 na Kompresa Iliyoungua

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Bibi bado anakataa uji? Mimi mzima, nakula vizuri. Najua mjomba ameshakupigia kwamba nimeunguza friji la watu na nimefukuzwa darasani. Ndo maana naandika. Kwenye simu ungenikatiza katikati, na hii stori ukiisikia nusu ni mbaya sana. Isome mpaka mwisho, mama, halafu ndo unitukane.

Unakikumbuka kile ki-MP3 alichonipa dada, cha nyimbo zake za taarabu? Kina kitufe cha kurekodi. Mimi kwenye kuandika unanijua, mwalimu anafuta ubao mimi bado niko mstari wa pili. Basi jioni darasani nakiweka mfuko wa shati, narekodi. Kesho yake niko kwenye meza ya mjomba hapa Kariakoo nauza soketi na nyaya, hedifoni sikio moja. Wateja wanajua nasikiliza bongofleva, kumbe ni Mwalimu Komba anafundisha mafriji. Darasani wameshanibatiza jina, wananiita Redio.

Sasa Jumanne mwalimu akaleta friji la mteja wake wa Upanga, akanichagua mimi niwashe kompresa, ile mashine nyeusi inayonguruma kwa nyuma. Ina pini tatu: moja ya pamoja, moja ya kuwashia wanaita stati, moja ya kuendeshea wanaita rani. Unapima kwa mita kutoka ile ya pamoja, pini moja inasoma namba kubwa, nyingine ndogo. Nikapima. Ya namba kubwa nikaifanya rani, nikachomeka umeme. Ikanguruma, ikatoa moshi, kimya. Harufu ilifika mpaka ngazini.

Mwalimu akauliza nani kanifundisha hivyo. Nikasema wewe, mwalimu. Weee! Wenzangu wakafungua madaftari, wote wameandika kubwa ni stati, wamenakili ubaoni. Mimi ubao siufuati, mimi nimeshika ya mdomoni.

"Chukua begi lako," akasema. "Mwongo simfundishi."

Chande, yule mtani wangu wa dawati la nyuma, akasema Redio leo betri imekwisha. Wakacheka.

Mama, kesho yake sikuuza hata soketi moja. Narudisha nyuma, napeleka mbele, rekodi zenyewe hazina majina, namba tu. Na nilikuwa naogopa huku na huku. Nisipokuta, mimi ni mwongo kweli na ufundi ndo basi, narudi kubeba maboksi. Na nikikuta je? Nimwaibishe mtu mzima mbele ya wanafunzi wake?

Nikakuta. Mwalimu ni Mkristo, lakini adhana ya magharibi ikianza msikiti wa jirani ananyamaza mpaka iishe, kila siku. Basi kwenye rekodi unamsikia kabisa: kutoka ile ya pamoja, namba kubwa ni... adhana hiyo. Inaisha, anakohoa, anasema "ni rani", anaendelea na mengine. Ubaoni mkono uliandika sawa, mdomo ndo ulipotea.

Jioni nikaenda. Nikasimama mlangoni, nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Nikasema naomba usikilize kitu kimoja tu, mwalimu, halafu naondoka. Chande akadakia, "Weka spika bwana, tusikie wote." Na spika kinayo, kadogo. Nikachomeka hedifoni, sikio moja nikampa mwalimu, moja nikabaki nalo mimi. Waya wenyewe mfupi, tukasimama vichwa vimegusana kama watu wanaotafutana chawa, darasa zima linatukodolea macho. Mama, sijawahi kusikia adhana ndefu kama ile. Kisha ikaja, ni rani.

Akasema rudia. Nikarudia.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani mwingine amesikia?"

"Wewe tu, mwalimu."

Akaichomoa ile hedifoni, akaifuta kwenye shati lake, akanirudishia. Akawageukia wenzangu. "Kompresa ile nimeiunguza mimi, kwa mdomo wangu. Rashidi, kaa." Chande akainamia daftari lake kama anatafuta sindano.

Kwa hiyo nimerudi darasani, mama. Mjomba usimgombeze, alisikia ile nusu akakimbilia simu. Bibi mwambie anywe uji, mjukuu wake hajafukuzwa. Baba mdogo nisalimie sana, na watoto wake. Dada mwambie taratibu, akiwa ameshiba, kwamba taarabu zake nimezifuta zote ili nipate nafasi ya kurekodi. Atanuna, lakini atanielewa.

Jana adhana ilipoanza mwalimu akanyamaza kama kawaida yake. Ilipoisha hakuendelea. Akaniangalia mimi, akauliza, "Redio, niliishia wapi?"

Nikabonyeza, akajisikiliza, ndo akaendelea.

Mimi mwanao,
Rashidi, ambaye huku sasa hata mwalimu anamwita Redio