Kitambaa Juu ya Kisanduku cha Hewa

Athi River,
Jumatano jioni

Kwa Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, goti lako limetulia, na mbaazi zimepata mvua kidogo. Mimi sijambo. Mjukuu wako Mwende hajambo kiasi, na ni kwa ajili yake naandika badala ya kupiga simu. Simu yako unaiweka sauti kubwa, boma lote linasikia. Haya nataka uyasome wewe kwanza.

Unakumbuka marehemu mume wangu Mutua akitoka kiwanda cha simiti alikuwa anasukutua mdomo kwenye mfereji wa maji kabla ya kumbeba mtoto. Mpaka leo Mwende akifika kwenye mfereji ule husimama kidogo, kama anayemngoja baba yake amalize. Tangu tumzike, masikio yangu yako vifuani mwa watu. Hata kazini, kiwanda cha nguo cha EPZ, katikati ya kelele za cherehani, mtu akikohoa nainua kichwa.

Mwanzo wa muhula huu wageni walileta kisanduku cheupe, kidogo kama redio, wakakitundika ukutani mwa darasa la Mwende. Kinapima hewa. Taa ikiwa ya kijani, hewa ni nzuri. Ikiwa nyekundu, madirisha yafunguliwe au watoto watolewe nje. Wazazi tulifurahi, kwa sababu malori ya simiti yanapita karibu kabisa na ukuta wa shule. Tena baridi ya Julai imekuwa kali, kwa hivyo madirisha hufungwa na Mwalimu Agnes huwasha jiko la makaa mle ndani.

Mwalimu Agnes ni mtu mzuri. Alikitunza kile kisanduku kama televisheni mpya. Kwa kuogopa vumbi alikivisha nailoni, na juu yake akaweka kitambaa cheupe cha kufumwa kwa mkono, chenye maua, kama vile vyako vya sebuleni. Taa ilionekana kupitia matundu ya uzi, ya kijani kila siku. Kwenye mkutano wa wazazi mwalimu mkuu alituambia, "Mmeona wenyewe. Hewa ya hapa ni safi kuliko ya manyumbani kwenu." Tukacheka, tukapiga makofi.

Wazazi tuna zamu ya kufua mapazia na vitambaa vya darasa. Ijumaa ilikuwa yangu. Nilitoa kitambaa, nikatoa na nailoni kwa sababu ilikuwa imeingia moshi. Maji ya kwanza yalikuwa mazito kama uji wa majivu. Ya pili pia.

Jumatatu nilivirudisha kabla ya kwenda kazini. Madirisha yalikuwa yamefungwa, jiko linawaka, watoto wamelizunguka. Taa ilikuwa nyekundu.

"Mama Mwende, umeniharibia mashine," mwalimu akaniambia. "Uliimwagia maji?"

"Sikuimwagia kitu, mwalimu. Nilitoa tu nguo zake."

"Basi ivalishe. Imeshikwa na baridi hiyo."

Watoto wakacheka. Nikamwomba tujaribu dirisha moja. Alifungua lile lisiloangalia barabara, tukatoa jiko nje, tukasimama tukiangalia. Baada ya muda taa ikawa ya manjano. Mwalimu aliketi kwenye kiti cha mtoto, akasema polepole, "Kumbe siku zote tulikuwa tunapima hewa ya ndani ya nailoni."

Mwalimu mkuu akaingia. "Fungeni hilo dirisha, vumbi linaingia." Tulipomweleza, akatazama mlangoni kama kuna mtu anasikia. "Wazazi wakiona nyekundu watahamisha watoto. Hiyo mashine iko na shida." Akaing'oa ukutani. Jana nilipopita ilikuwa imewekwa juu ya kabati ofisini kwake, taa ya kijani. Darasani jiko lilikuwa limerudishwa.

Mwaitu, Mwende anakohoa. Kikohozi chenyewe humjia akicheka. Ni kifupi, kikavu, kisha anajifuta mdomo kwa nyuma ya mkono, jinsi baba yake alivyokuwa akifanya. Hakuna aliyemfundisha. Zahanati wamempa dawa ya maji na kusema ni baridi tu. Mutua naye waliwahi kumwambia ni baridi tu.

Nakuomba umpokee. Atakuja Jumamosi na kaka yangu Musyoka. Nimemwambia ni likizo. Asome hapo shule ya kanisani, ile uliyokuwa ukilalamika kwamba madirisha yake hayana vioo. Na tafadhali asikae nawe jikoni kuni zikiwa zinawaka, hata akilia. Akae nje na kuku.

Nisalimie dada yangu Kalunde na mtoto wake mchanga, na mjomba Nzioka wa mbuzi. Mama Katee, jirani aliyelala nami siku zote za matanga, mwambie simsahau.

Kioko, mtoto wa jirani yangu hapa, huketi dawati moja na Mwende. Nilimweleza mama yake yote, nikamshauri naye ampeleke kwao. Akaniangalia. "Kwetu wapi, Mumbua? Niliyekuwa naye ni mama tu, na nilimzika." Jumatatu Kioko ataketi kwenye dawati lile peke yake, na dirisha litakuwa limefungwa.

Ni mimi binti yako anayekuombea,
Mumbua