Kipaimara Ng'ambo ya Mto

Jumatatu, 4 Machi 1974
Tumeamka. Baba Skola mzima, Skola mzima, mdogo wake Maria mzima na kikohozi chake, bibi yao mzima ila miguu. Nilikuwa napepeta mpunga, katekista kapita. Eti Alhamisi anavusha watoto Mto Kavuu waende parokiani kupata kipaimara. Mto umejaa! Mwenye mtumbwi kakataa. Yeye anasema watapita kwa miguu, mwenye imani hazami. Ndiyo mahubiri yake ya jana hayo, Petro kutembea juu ya maji. Nimechoka naye.

Jumanne, 5 Machi
Skola anataka kwenda, wenzake wote wanakwenda. Nimekataa. Kalia mpaka maharage yameungua. Bibi yake anasema nina imani ndogo. Haya, ndogo. Mwaka jana mamba alimchukua mke wa jirani akichota maji palepale, na rozari yake shingoni.

Jumatano, 6 Machi
Baba Skola kasema mtoto aende. Basi na mimi nakwenda. Nimefua gauni jeupe kwa hasira, kifungo kimeng'oka. Nimesali. Bado naogopa.

Alhamisi, 7 Machi
Watoto wamevaa nguo nyeupe pee, wako ukingoni wanaimba. Nikasema haingii mtoto kabla ya wakubwa kupima maji. Katekista akakunja kanzu akatangulia. Mimi nyuma yake, kamba kiunoni, akina baba wameshika huku nchi kavu. Maji yalipofika kifuani akateleza. "Mama yangu, nakufa!" Imani yote kwisha. Nikamkamata ukosi. Na mimi napiga kelele: "Vuteni nyie, mnatazama nini!" Wakatuvuta. Skola analia, wote wanalia. Tumerudi bila kipaimara. Njia nzima nimegomba mpaka sauti imekauka.

Jumamosi, 9 Machi
Manyunyu. Katekista kaja, kakaa kwenye kigoda. Hakuhubiri.
"Mama Skola, niliogopa sana."
Nikasema hata mimi. Nilikuwa nimemwekea maneno mengi, sikuyaona tena. Skola kamnawisha mikono, kala ugali wote. Anasema maji yakipungua mwenye mtumbwi atakubali, na yeye katekista atavuka kwenda kumwona padre. Nikamwambia amweleze watoto wako tayari, awapangie siku nyingine. Na jibu alilete upesi.