Sombe ya Mama Nyirakamana

Kaka Guylain,

Huku Goma mvua inanyesha vizuri, maharagwe ya mama yameiva, na mimi sijakufa, hata kama nasikia umeanza kunililia.

Ni mwaka wa tatu magoti yananiuma. Daktari wa kwanza alisema malaria, wa pili tifoide. Wa tatu alisoma karatasi ya laboratwari niliyopewa huko kwako Liège, akaona jina Lyme, ule ugonjwa wa kupe, akacheka: "Mama, hii ni ugonjwa ya Wazungu." Huyo nilimsamehe, hakuwepo. Wewe ulikuwepo. Ni wewe uliyening'oa kupe mguuni kule msituni Liège, ukasema ng'ombe wa Masisi wanabeba mia na hawalalamiki.

Leo unapigia familia simu kwamba jirani yangu, Mama Nyirakamana, alinitilia karuho, ile sumu inayoua polepole, ndani ya sombe, majani ya muhogo anayonipikia. Mama yetu haitikii tena salamu yake. Diplome mbili, kaka, na hakuna iliyokufundisha haya.

Vidole vyangu havishiki tena biki. Mimi nasema, Mama Nyirakamana anaandika. Tusi nililotaka kukupa amekataa kuliandika, ati wewe ni kaka yangu.

Tukimaliza, atanipakulia sombe.

Dada yako,
Kasoki