Nilichosikia Nyasini

Mabatini, Mwanza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Na mpunga, ndege wameuacha? Mimi ni mzima, banda langu la vifaa vya simu linakwenda, na wajukuu zako hawajambo. Anayekusomea barua hii ni Justa, jirani yangu. Nimemwomba asiifungue mpaka muwe wawili tu huko shambani. Simu nimeikwepa makusudi, na sababu utaisikia.

Mama, usinicheke. Mwanao, mtu mzima na akili zake, anacheza gemu la vita kwenye simu. Chenge ndiye aliyenionyesha tulipokuja Krismasi, akaniingiza kwenye kundi la watu wa huku kwetu Kanda ya Ziwa. Nilinogewa, we acha tu! Kila aliyejitokeza nilimpiga. Lakini ukishinda kila siku hamu inaisha, nikataka hata kulifuta. Ndipo nikabadili uchezaji. Nikaingia kwa jina jipya, bunduki nikaitupa, nikawa mtu wa kujificha nyasini na kuwanyemelea wenzangu bila kuwagusa. Kwenye gemu hilo aliye karibu nawe unamsikia akiongea. Basi utamu ukarudi. Nimesikia wanaume wazima wakililia mapenzi, na umbea wa kila aina, nikawa nacheka peke yangu kama chizi.

Jumapili jioni nikawafuata wawili mpaka kwenye nyumba mbovu. Walikuwa wakinong'ona kwa Kisukuma, vita hawana habari nayo. Mmoja alisema yule mama hatakubali kuuza shamba hata afanyweje. Mwenzake akauliza, sasa? Akajibiwa kwamba Jumamosi alfajiri wataleta habari ya msiba, kwamba mdogo wake aliyeolewa Ukerewe amefariki. Alisema mama wa namna ile akiitwa msibani haulizi mara mbili, atajifunga kitenge na kupanda mtumbwi. Mtumbwi utaondoka na watu watatu, utarudi na wawili. Wakacheka, Mama. Nikakufikiria wewe, maana nawe una mdogo wako Ukerewe, lakini nikajiambia wako akina mama wengi wenye ndugu kule.

Kisha, nyuma ya sauti ya yule mmoja, nikasikia mwanamke akiita kwamba ugali unapoa, Chenge mwanangu, njoo ule. Ni wewe uliyeita, Mama.

Chenge! Mtoto wa marehemu baba mdogo, uliyemlea tangu ananyonya, anayekusomea kila ujumbe kwenye simu yako! Nimelia mpaka sauti imekauka. Polisi nilikwenda, nilipotaja gemu wakatazamana na kucheka. Kuja mwenyewe naogopa, maana akiniona ghafla atashtuka na anaweza kufanya lolote.

Kwa hiyo nakusihi, usirudi nyumbani. Usifuate hata kitenge. Kutoka hapo hapo shambani panda gari na Justa, mje moja kwa moja kwangu. Akikutafuta, hata kama analia, usimsikilize. Nakuogopea mno, Mama, sili wala silali.

Wajukuu wanakusalimu na wanakusubiri kwa hamu. Mama mdogo Selina naye anakusalimu sana. Nimeongea naye asubuhi hii, yuko kwake Ukerewe anaanika dagaa, mzima kabisa.

Ni mimi mwanao,
Hellen