Mshumaa Niliosahau Kuutia Harufu

Alhamisi. Joto la Voi leo halina adabu. Hakuna upepo, pazia limening'inia tu, na milima ya kule kwetu Wusi imemezwa na vumbi jembamba, huwezi kujua inaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Nimerudi kutoka shuleni nimechoshwa na watoto wa darasa la nne, nimevua viatu, nimekaa sakafuni jikoni, maana simiti ndiyo kitu pekee chenye ubaridi humu ndani.

Nyumba nzima inanukia, lakini sijui tena inanukia nini. Limau, karafuu, asumini, vyote vimeingiliana, na mimi katikati nasinzia macho wazi.

Kuna jambo limetokea leo jioni. Acha nianzie nyuma kidogo.

Mama yangu hanusi. Mwaka jana alipatwa na homa kali, mafua ya kuziba kila kitu. Akapona, lakini pua haikurudi. Tulidhani ni jambo dogo, nani ameshakufa kwa kukosa harufu? Mpaka siku jirani yake huko Wusi alipoona moshi unatoka dirishani, akaingia mbio, akamkuta Mama ametulia sebuleni anachambua maharagwe. Jikoni kimanga, ule mseto wake wa mihogo na maharagwe, kimekuwa makaa, na kitambaa cha kushikia sufuria kinawaka. Mama hakuwa na habari.

Kaka yangu Mwakio akapanda kutoka Mombasa, tukakaa kikao, tukakata shauri. Mama akae kwangu hapa Voi mpaka pua irudi. Ikirudi, naye arudi kwake.

Alikubali shingo upande. Huko juu ana migomba yake, ana mboga zake, ana kwaya yake ya kanisani. Hapa kwangu ana kiti cha plastiki na geti la kutazama. Kila asubuhi huniuliza kama nimesikia kwamba mvua imenyesha juu.

Daktari alisema pua hufundishwa. Anusishwe vitu vyenye harufu kali, kimoja kimoja, asubuhi na jioni, bila haraka. Mimi nikaona kumwekea mtu mzima karafuu kwenye kisahani na kumwambia nusa ni kama kumpa adhabu. Mbona nisimtengenezee mishumaa? Yeye akae tu, harufu imfuate yenyewe. Mama alicheka sana. Kwake mshumaa ni wa stima ikipotea.

Nta yangu ni ile mishumaa myeupe ya kawaida ya dukani. Naikatakata, nachomoa tambi, nayeyusha kwenye bakuli la bati lililokaa ndani ya sufuria ya maji moto. Mara ya kwanza nilimwaga mafuta ya maganda ya limau nta ikiwa bado motoni. Lo! Jikoni kulinukia mpaka barabarani, na mshumaa ulipoganda haukuwa na kitu. Harufu yote ilikuwa imepanda na mvuke, ikaenda zake. Siku hizi naepua kwanza. Nangoja nta itulie, lakini kabla haijaweka utando pembeni natia mafuta na kukoroga, polepole, polepole. Hiyo saa ya kukoroga naipenda kuliko kitu chochote cha siku yangu. Akili huenda mbali, na mimi siifuati.

Asumini ndiyo ilinisumbua. Jirani yangu Bi Zuhura, ambaye kwao ni pwani, ana asumini iliyopanda ukuta wake wote. Nilichuma maua mabichi nikayatupa kwenye nta. Maji yaliyomo ndani yake yakaanza kurukaruka, maua yakawa kahawia kama viazi vya kukaanga. Bi Zuhura alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanangu wee, ua halikaangwi. Ua hulazwa!"

Akanionyesha wanavyotengeneza mafuta ya nywele kwao. Maua huchumwa jioni, hunyaushwa kivulini yapungue maji, halafu hulazwa ndani ya mafuta ya nazi. Kesho yake unachuja, unalaza mengine, na mengine tena, mpaka mafuta yenyewe yashinde ua kwa kunukia. Nilifanya hivyo, na kwa uroho wangu nikatia mengi. Mshumaa ulikataa kuganda. Na joto hili letu, niliukuta dirishani umeinama, unatoka jasho kama mtu aliyepanda kilima cha Wusi saa saba mchana. Sasa natia kijiko kimoja tu.

Marashi ya chupa nilijaribu pia. Usithubutu. Moto uliruka nikabaki na nusu ya nyusi.

Na siku nikiwa mvivu, nawasha mshumaa usio na kitu, nangoja nta iyeyuke kuzunguka utambi, nazima, nadondosha matone mawili matatu pale kwenye kidimbwi, kisha nawasha tena. Si harufu ya kudumu, lakini hutosha kwa jioni moja.

Basi. Miezi imepita, Mama hanusi kitu. Nawasha, anafumba macho, anavuta pumzi, anatikisa kichwa. Mimi najitia kusema kesho itakuwa afadhali.

Halafu mwezi huu, jioni moja, akafumbua macho akasema, "Limau."

Nilipiga kelele mpaka Bi Zuhura akaita kutoka ng'ambo kuuliza kama ni nyoka. Siku iliyofuata, "Karafuu." Baadaye, "Hiyo si asumini ya Zuhura?" Hakukosea hata mara moja. Nikampigia Mwakio, naye akashangilia, akasema Jumamosi hii anakuja na gari tumrudishe Mama nyumbani.

Nilikata simu nikakaa kitandani.

Sikufurahi.

Acha niseme ukweli, hapa si mahali pa kujificha. Nimeishi peke yangu miaka mingi, na nilikuwa nikiwaambia watu kwamba napenda hivyo. Sasa nimezoea kukuta mlango wazi nikitoka kazini. Nimezoea kuulizwa kama nimekula. Nimezoea sauti ya mtu anayeimba sauti ya pili ya wimbo wa kanisani huku anaosha vikombe, bila mtu wa kuimba ya kwanza.

Leo ndiyo leo sasa.

Nilikuwa nakoroga nta na akili imeshaenda. Nilikuwa Wusi, udongoni, miguu wazi, nikiwa mdogo, ukungu wa asubuhi umelala juu ya mboga. Nikakoroga, nikamimina kwenye glasi, nikasimamisha utambi, nikaenda kuoga. Jioni nikamwekea Mama mezani, nikawasha. Akafumba macho. Akavuta pumzi ndefu, akatabasamu.

"Leo ni asumini," akasema. "Na imekolea kuliko ya juzi."

Nikaenda jikoni kumletea chai. Bakuli la mafuta ya asumini liko juu ya rafu, limefunikwa na kisahani chake, halijaguswa. Mshumaa ule haukuwa na harufu yoyote. Nilikuwa nimekoroga nta tupu.

Nikachungulia sebuleni, kikombe bado mkononi. Kwenye meza, karibu kabisa na kiti cha Mama, yako maua niliyochuja asubuhi. Siku ya limau, maganda yalikuwa kwenye ndoo ya taka. Siku ya karafuu niliacha pakiti wazi. Mama hakuwa ananusa mishumaa yangu, alikuwa analisoma jiko langu kama gazeti!

Na unajua nilihisi nini? Furaha. Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa. Nikaona nimeshapata sababu. Nitampigia Mwakio, nitamwambia usije, Mama bado, Mama anakaa.

Nikabeba bakuli na chai, nikaviweka mbele yake.

"Mama, mshumaa huo hauna kitu. Nilisahau kutia."

Aliliangalia bakuli. Akachovya kidole, akajipaka mafuta mkononi, akausogeza mkono puani, akauteremsha.

"Wakesho, sinusi," akasema. "Na sidhani nitanusa tena. Lakini nyumbani nataka kwenda na pua hii hii."

Nilimkumbusha moshi. Nilimkumbusha kitambaa kilichokuwa kinawaka. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema atapika nje kwenye mafiga, asimame hapo hapo mpaka chakula kiive, na mtungi wa gesi nikauchukue mimi. Mke wa binamu yetu, ambaye nyumba yake iko hapo chini tu, atapita kila jioni kumtazama. Ameshaongea naye.

Ameshaongea naye! Mama huyu hana mchezo.

Nikafungua mdomo nitafute sababu nyingine, na zilikuwepo, tena za maana. Lakini nilijisikia nazitafuta.

"Mama, mimi ndiye sitaki uende."

"Najua," akasema. Akanishika mkono kwa mkono ule wenye mafuta. "Ndiyo maana nikaona heri pua iseme naondoka, kuliko niseme mimi."

Tukakaa hivyo hivyo, mshumaa unawaka, haunukii chochote. Nililia kidogo. Yeye akanywa chai yake.

Nimempigia Mwakio nikamweleza yote. Akaanza kusema basi tungoje. Nikamwambia njoo vile vile. Njoo Jumamosi, na njoo mapema, maana Mama akijua kuna safari huwa tayari kabla ya jogoo. Imeniuma kusema, lakini nimeiona sura ya Mama nilipokata simu. Sijaiona sura hiyo tangu aingie nyumbani humu.

Sasa yuko bafuni anaoga, anaimba ile sauti yake ya pili. Nimeingia chumbani kwake nimsaidie kupanga nguo. Leso zake ziko kitandani. Nimechukua ile anayojifunga kila siku, nikaibana usoni. Sabuni ya kipande. Mafuta ya mgando. Kitunguu kidogo, na jasho lake, na kitu kingine ambacho kimekuwa hapo tangu nizaliwe na hakina jina. Nimekaa nayo hivyo, nimefumba macho, nikawaza, ili harufu hii ikae kwenye mshumaa, ningengoja nta itulie vipi, au ningeilaza kwenye mafuta yapi, na kwa siku ngapi.

Hakuna njia. Nimezijaribu zote ninazozijua, kichwani, nikiwa nimekaa hapo kitandani.

Kesho, kabla hajafunga begi, nitamwomba aniachie leso moja. Ambayo haijafuliwa.