Mganga wa Zahanati ni Mkwe Wangu, Nikaona Bora Niulize Simu

Shangazi Agape, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi nisamehe, maana nakuletea jambo ambalo hata mume wangu nimemwambia nusu tu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu, sisi ni wafugaji, tuko kijiji kimoja upande wa Majimoto, jina langu usiliweke. Nina uvimbe kwenye titi la kushoto tangu mpunga ukiwa kitaluni, sasa tumeshavuna na bado upo, hauumi ila unakua, na zahanati ipo jirani, hata kwa miguu nafika, lakini mganga wa pale ni mmoja tu na ni mkwilima wangu, mume wa binti yangu mkubwa, binti huyo nimwite Lucia. Sisi Wasukuma unatujua, mimi na mkwe hatupeani mkono, hatuli pamoja, nikimwona njiani naingia vichakani apite, sasa huyo ndiye nikamfunulie kifua?

Ndipo nikashika simu, kwa kuwa simu haina ukwe. Nikaandika uvimbe kwenye titi, ikaniambia saratani, nikalia, nikaandika kwa maneno mengine ikaniambia ni kawaida kwa wanaonyonyesha, nikafurahi siku nzima ingawa kitinda mimba wangu ameshaoa, halafu ikaniletea mwanamke anauza unga wa mizizi, anasema unayeyusha kila uvimbe, nikaagiza, nikanywa, nikaharisha tu. Mume wangu alipoona nimedhoofu akasema ndama wake naye alikuwa na uvimbe, akamchoma sindano ukaisha, na dawa bado imebaki kwenye chupa. Nikamkatalia.

Mwisho nikaingia kwenye ukurasa mmoja wa afya, unauliza bila kutaja jina na mtaalamu anakujibu sirini. Shangazi, huyo alinijibu vizuri kuliko wote, ananiita mama, ananiuliza kama ngozi imebonyea, kama chuchu inatoa majimaji, nikamweleza yote, hata ambayo sijawahi kumwambia aliyenioa, akasema mama usikae nyumbani, nenda ukapimwe. Nikasema mtu mwema hivi nimwone sura, nikabonyeza picha yake ikakua, kumbe ni mkwilima! Simu niliitupa kwenye debe la pumba. Hajui kuwa ni mimi, na kila baada ya siku chache anaandika, "Mama, umeshaenda?" Nikienda Mpanda mjini watu watasema namdharau mkwe wangu, nikibaki naogopa. Nitajie dawa ya kunywa hapahapa nyumbani, na hii aibu ya mkwe tunaisafishaje?

Mama Mkwe, Mpimbwe

SHANGAZI AGAPE ANAJIBU

Marahaba, Mama Mkwe, nimekuzidi. Pole sana, miezi yote hiyo na hofu hiyo peke yako si mchezo. Kwenye debe la pumba nilicheka, hilo nakiri.

Kuiuliza simu sikushangai. Wengi wetu tunaiuliza kwa sababu haitufahamu, haikai nyuma yetu kanisani wala haitatusimulia mnadani. Ila mikono haina, haiwezi kukugusa ikajua kilichomo, ndiyo maana uvimbe mmoja umepata majibu matatu. Na sasa umeuleta gazetini nikutajie dawa! Mimi mikono ninayo, lakini haijasomea udaktari. Huo unga umwage, na mumeo mwambie sindano zake abaki nazo zizini.

Unasema ukienda Mpanda utamdharau mkwe. Mama, si yeye mwenyewe anayekuambia uende? Anayemdharau ni wewe uliyeambiwa ukakaa. Na aibu ya kusafisha siioni. Mgonjwa asiyemjua alimuuliza, naye akamjibu kwa adabu, kafanya kazi yake. Binti yako ameolewa na mtu wa maana.

Sasa nisikilize. Leo hii mwite Lucia, fungeni mlango, mwonyeshe. Nyie kwa mila zenu maneno ya mkwe na mama mkwe yanapitia kwa binti, njia ipo, wewe ndiye hujaitumia. Lucia amwambie mumewe kwamba mama ana uvimbe, anaomba rufaa. Ataandika bila wewe kulegeza hata fundo la kitenge mbele yake. Hospitalini Mpanda omba uonwe na mwanamke, kuomba si kosa. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini wa kulisema hilo ni aliyekupima, na hata ikiwa ndiyo, ikiwahiwa ina matibabu.

Nikuambie kinachoniogopesha. Ukiendelea kujificha, siku utakayozidiwa watakupakia kwenye pikipiki mpaka zahanati ileile, na atakayekupokea ni mkwilima. Kifua kitafunuliwa tu, na atakuwa hana tena la kukusaidia. Halafu Lucia ataishi miaka yake yote na mwanaume ambaye mama yake alikufa kwa kumwonea haya. Mpigie binti yako sasa.